Maisha ya Mchungaji Johannes Rebmann (1820–1876) na Ramani Iliyofungua Njia ya Bara

Msomaji wa kitabu hiki cha kumbukumbu anaweza kushangaa kukuta humu maisha ya mtu ambaye hakuwahi kuhubiri Kisarawe, wala Kibaha, wala Maneromango. Mchungaji Johannes Rebmann aliishi Rabai, nyuma ya Mombasa, kwa miaka 29, na alikuwa amekwisha kulala kaburini miaka 16 wakati wamisionari walipopanda vilima vya Kisarawe mwaka 1892. Hata hivyo tumeona vema maisha yake yaandikwe hapa. Njia iliyowaleta wamisionari hao katika nchi ya Wazaramo ilikuwa imekwisha kuchorwa kwenye karatasi miaka mingi kabla yao, na mmoja wa watu walioichora ni yeye. Aliichora kwa ajili ya Injili. Wengine waliichukua kwa ajili ya mambo mengine. Usharika unaoadhimisha miaka mia moja unapaswa kuyajua yote mawili.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, karibu na Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, naye alibatizwa na kulelewa katika Kanisa la Kilutheri la nchi hiyo, miongoni mwa Wakristo waliopenda kukutana majumbani kusoma Biblia na kuomba. Alisoma katika Seminari ya Misioni ya Basel, Uswisi, kisha katika chuo cha Church Missionary Society huko Islington, London, akabarikiwa mwaka 1845. Siku hizo vyama vya misioni vya Uingereza vilikuwa na fedha kuliko watu, na vijana wa Württemberg walikuwa wengi kuliko fedha za kuwatuma. Ndiyo maana Walutheri kadhaa walifika pwani yetu wakitumwa na Waanglikana. Mambo haya yakitajwa leo katika mikutano ya umoja wa makanisa, watu hucheka. Wakati ule hayakumshangaza mtu.

Rebmann alifika Mombasa mwezi Juni 1846. Alimkuta Mchungaji Ludwig Krapf, Mwürttemberg mwenzake, aliyefika huko mwaka 1844 baada ya kufukuzwa Ethiopia, akamzika mkewe na mtoto mchanga mwezi Julai mwaka uo huo. Krapf alikuwa na barua ya Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, iliyomtambulisha kwa maliwali wa pwani kama mtu mwema. Barua hiyo yatupasa kuikumbuka. Wazungu hawa hawakuingia katika nchi isiyo na mwenyewe. Waliingia katika dola ya Sultani aliyetawala forodha za pwani, na nguvu yake barani ilifuata njia za misafara ya pembe na watumwa. Dola hiyo nayo ilisimama juu ya ujuzi wa nchi: mahali pa maji, umbali wa kambi, jina la mtemi wa kulipwa hongo, miezi ya mvua. Lakini ujuzi huo ulikaa vichwani mwa viongozi wa misafara. Aliyeuhitaji ilimbidi afuatane nao.

Mwezi Agosti 1846 Krapf na Rebmann walihamia Rabai, wakajenga nyumba miongoni mwa watu ambao wakati ule waliitwa Wanyika. Krapf alikuwa mtu wa ndoto kubwa. Alitaka mnyororo wa vituo vya misioni utakaopita katikati ya Afrika kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi, na kwa ajili hiyo ilikuwa lazima kujua kilichomo ndani ya bara. Rebmann, aliyekuwa kijana mwenye afya, alitumwa kwenda kutazama.

Safari iliyomfanya ajulikane duniani ilianza tarehe 27 Aprili 1848. Alikuwa na wapagazi wanane na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezifahamu njia za Taita na Uchaga kwa miaka mingi. Rebmann hakuchukua silaha, alichukua mwavuli. Bwana Kheri, aliyejua nyika ile ina nini, hakupendezwa na jambo hilo. Liwali wa Mombasa naye alikuwa ameonya kwamba mgeni asiende kuupanda mlima wa Kilimanjaro, kwa kuwa una majini. Basi wakaenda, mvua ikiwanyeshea, mwavuli ukitumika kama mwavuli.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848, Rebmann aliona mbele yake mlima mrefu wenye kitu cheupe kileleni. Mwanzoni alidhani ni wingu. Alimwuliza kiongozi wake kitu kile ni nini, naye, kwa kuwa watu wa pwani hawakuwa na jina lake, akajibu kwamba ni baridi tu. Rebmann, aliyezaliwa katika nchi ya theluji, alielewa papo hapo. Baadaye alijifunza kwamba Wachaga wana jina lao, Kibo, na kwamba wanajua kabisa kuwa kitu kile kikishikwa hugeuka maji. Alisimuliwa hata habari za watu waliotumwa na Mangi mmoja wa zamani kwenda kukichunguza, ambao waliangamia kwa baridi isipokuwa mmoja aliyerudi na mikono na miguu iliyoharibika. Kwa hiyo tunaposema Rebmann aliugundua Kilimanjaro, tuseme kwa kiasi. Alikuwa Mzungu wa kwanza tunayemjua aliyeiona theluji ile na kuiandikia ushuhuda. Waliomwonyesha walikuwa wameiona tangu utoto wao, na chuoni kwetu, tulipofundishwa historia ya Kanisa, jina la Bwana Kheri halikutajwa hata mara moja.

Rebmann alikaribishwa Kilema na Mangi Masaki, akarudi Rabai mwezi Juni. Mwezi Novemba mwaka uo huo alikwenda tena, safari hii hadi Machame kwa Mangi Mamkinga, aliyempokea kwa furaha. Mwezi Aprili 1849 aliondoka mara ya tatu akiwa na wapagazi 30 na nia ya kuvuka Uchaga hadi Unyamwezi. Hapo Mamkinga alimnyang'anya karibu vitu vyote alivyobeba, kidogo kidogo, kwa jina la zawadi, hata asibaki na kitu cha kulipia njia. Alirudi Rabai mwezi Juni, mgonjwa na mwenye majonzi. Hakusafiri tena safari kubwa ya bara maisha yake yote.

Huko Ulaya, habari za theluji zilichapishwa mwaka 1849 katika jarida la Church Missionary Society, zikapokewa kwa dhihaka na baadhi ya wasomi. Aliyeongoza upinzani ni William Desborough Cooley wa London, mwanajiografia aliyekuwa hajawahi kufika Afrika ya Mashariki, lakini aliyeamini anaijua kupitia vitabu. Kwake, theluji karibu na Ikweta haikuwezekana, na mmisionari alikuwa ameona kwa macho mabovu au kwa mawazo. Krapf naye alipouona Mlima Kenya kutoka Ukambani tarehe 3 Desemba 1849, hakuaminiwa. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka kumi, hata Baron Karl Klaus von der Decken alipoupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na tena mwaka 1862, mara ya pili akifika zaidi ya mita 4,200, na kuthibitisha kwamba Rebmann alisema kweli.

Lakini jambo lililobadili historia ya nchi hii zaidi ya theluji ni ziwa. Mwaka 1849 alifika Rabai Mchungaji Jakob Erhardt, naye wa Württemberg. Mwaka 1854 Erhardt alikaa Tanga kwa miezi kadhaa akijifunza lugha na kuzungumza na watu wa misafara ya pembe. Kila mmoja alimweleza njia yake: huyu alitoka Kilwa, yule alipitia Bagamoyo, mwingine alipita Tanga na Pangani. Jambo moja lilifanana katika masimulizi yote. Kila njia, baada ya majuma au miezi ya kutembea, iliishia kwenye maji makubwa yasiyoonekana ng'ambo yake. Erhardt na Rebmann waliketi pamoja wakiyalinganisha maelezo hayo, na ghafula likawajia wazo kwamba maji yale ni mamoja. Wakachora ramani yenye bahari moja kubwa katikati ya bara, ndefu, iliyopinda, kuanzia karibu na Ikweta hadi mbali sana kusini. Walioitazama London walisema inafanana na koa.

Sasa tunajua kwamba walikosea. Yalikuwa maziwa matatu: Nyanza ambalo baadaye liliitwa Victoria, Tanganyika na Nyasa. Wasafiri walisema kweli kila mmoja kwa njia yake. Waliokosea ni walioyaunganisha. Hata hivyo kosa hilo lilikuwa na nguvu kuliko maelezo mengi yaliyo sahihi. Ramani ilichapishwa mwaka 1855 katika gazeti la misioni la Calw, na mwaka 1856 katika jarida la kijiografia la August Petermann huko Gotha, ikapelekwa pia katika Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Mabishano yakawa makubwa, na njia ya kuyamaliza ikawa moja tu: kutuma watu wakaone. Serikali ya Uingereza ilitoa paundi 1,000, na Richard Burton pamoja na John Hanning Speke wakatumwa.

Mapema mwaka 1857 Burton na Speke walikwenda kumtembelea Rebmann karibu na Mombasa. Kulikuwa na matumaini kwamba angefuatana nao, kwa kuwa alizijua lugha na watu. Hakwenda. Mimi huona kwamba hapo Rebmann alipambanua jambo ambalo labda hakulipambanua alipokuwa akichora. Msafara ule haukuwa na nafasi ya Injili, na yeye hakuja Afrika kutafuta chemchemi za mto Naili.

Hapa ndipo habari hii inapoingia katika nchi yetu. Mwezi Juni 1857 msafara uliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, ukafuata bonde la mto Kingani, ndio Ruvu, kupitia Uzaramo, nchi ambayo leo Kibaha na Kisarawe ni sehemu zake. Wazee wetu wa Kizaramo hawakuwa wageni wa mambo haya. Wakuu wao, wenye cheo cha Pazi, walidai hongo kwa kila msafara uliopita, kama ilivyo haki ya mwenye nchi, na waliwatilia shaka watu wenye vyombo vya kupimia. Mwaka 1845, huko Dege la Mhora, Mfaransa kijana aliyeitwa Maizan, ofisa wa jeshi la majini aliyetaka kufika kwenye maziwa, aliuawa kwa amri ya mkuu mmoja wa Kizaramo, Mazungera. Ni mauaji ya kikatili ambayo hakuna Mkristo awezaye kuyasifu. Lakini shaka iliyokuwa nyuma yake, kwamba mtu anayeipima nchi anaipima kwa sababu fulani, haikuwa ya kipumbavu.

Burton alipita salama. Aliandika kila kitu: vijiji, visima, mazao, bei ya pembe, kiasi cha hongo, tabia za wakuu, siku za kutembea kutoka kambi hadi kambi. Mwezi Februari 1858 walifika Ujiji, ziwa Tanganyika. Mwezi Agosti Speke alilifikia Nyanza upande wa kusini, akalipa jina la malkia wake. Koa wa Rabai akakatwa vipande. Mwaka 1860 kitabu cha Burton kilitoka, na mwaka huo huo Speke alipita tena Uzaramo pamoja na Grant. Baada yao wakaja wengine, akiwemo Stanley mwaka 1871. Kila kitabu kilimrahisishia kazi mwenye kufuata. Ujuzi ambao zamani ulipatikana kwa kufuatana na Bwana Kheri, sasa uliweza kununuliwa dukani Berlin au London na mtu asiyemjua Bwana Kheri wala kumlipa.

Matumizi yake yalionekana mwaka 1884. Kijana mmoja, Carl Peters, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri (tusilifiche hilo), aliunda chama cha kutafuta makoloni. Wenzake walipokuwa wakijadiliana waende wapi, mmoja wao, Joachim von Pfeil, alipendekeza Usagara kwa sababu alikuwa amesoma sifa zake katika maandishi ya Stanley. Nchi ya watu ilichaguliwa kitabuni. Peters alifika Zanzibar Novemba 1884, akaingia bara kupitia Saadani, na kwa majuma machache akakusanya alama za wakuu wa Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya ulinzi. Mwezi Juni mwaka huo Karl Jühlke, mwenzake Peters, alikuwa Moshi akifanya mapatano na Mangi Rindi, chini ya mlima ule ule wa Rebmann.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Novemba 1886 yaliigawa nchi kwa rula, kutoka mdomo wa mto Umba hadi ziwa Victoria. Mstari ule umenyooka, isipokuwa mahali pamoja: ukifika Kilimanjaro unauzunguka mlima upande wa kaskazini na kuuacha kwa Wajerumani. Iko hadithi inayopendwa sana kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima siku ya kuzaliwa. Ni hadithi tu. Mlima uligawanywa kwa hati za Jühlke na mabishano ya mawaziri waliokuwa na ramani mezani, na Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi. Mlima ambao wasomi walikataa kuwa na theluji mwaka 1849 ulikuwa alama ya mpaka wa dola mbili baada ya miaka 37.

Mwaka huo huo wa 1886 kiliundwa Berlin chama cha misioni kwa ajili ya koloni jipya, na Peters na watu wa kampuni yake walikuwa miongoni mwa waliokianzisha. Mmisionari Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Wenyeji wangewezaje kumtofautisha na kampuni? Vita vya Bushiri vilipoanza, mwezi Januari 1889 kituo cha Dar es Salaam kiliharibiwa, na huko Pugu wamisionari wa Kikatoliki waliuawa. Baada ya vita Greiner alirudi kazini, na mwaka 1892 kituo cha Kisarawe kikaanzishwa, kikawa pia kimbilio la watu waliokombolewa utumwani. Maneromango ilifuata mwaka 1895. Mwaka 1903 vituo vya Uzaramo vilikabidhiwa kwa Misioni ya Berlin, na habari zao zinaelezwa mahali pengine katika kitabu hiki.

Rebmann hakuyaona hayo. Tumrudie yeye, kwa maana miaka iliyofuata ramani ndiyo iliyokuwa maisha yake hasa. Alikuwa amekwisha kutofautiana na Krapf kuhusu mnyororo wa vituo. Krapf alitaka kusonga mbele. Rebmann aliona ni afadhali kukaa mahali pamoja hadi Neno lishike mizizi. Krapf alirudi Ulaya mwaka 1853, Erhardt mwaka 1855, naye Rebmann akabaki pamoja na mkewe Emma, Mwingereza aliyemwoa Cairo mwaka 1851. Mtoto wao alifariki akiwa mchanga. Wamaasai walipovamia mwaka 1857, ilibidi wakimbilie Zanzibar kwa muda. Emma alifariki mwaka 1866, na tangu hapo mumewe aliishi Kisuludini karibu peke yake kati ya Wazungu, akiwa na kundi dogo la waongofu wa kuhesabika kwa vidole.

Kazi yake ilikuwa maneno. Alikusanya kamusi ya lugha ya Wanyika. Alitafsiri Injili ya Luka katika Kiswahili cha Mombasa. Na alitunga kamusi ya Kinyasa, lugha ya nchi ambayo hakuifikia kamwe, akifundishwa na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa huko na kuuzwa pwani. Kwa miaka mingi watu hao wawili waliketi pamoja, mmoja akitaja neno na mwingine akiliandika. Salimini alikuwa na nchi yake yote kichwani, na hakuna aliyemrudisha huko. Ninapolisoma jambo hili huwa nasita, kwa kuwa kamusi ile nayo ni ramani ya aina yake.

Kuandika usiku na mchana kuliyachosha macho yake, na hatimaye akapofuka. Wageni kutoka Uingereza walipofika Rabai mwaka 1873 walimkuta mzee aliyechakaa, ingawa alikuwa na umri wa miaka 53 tu. Mwaka 1875 alikubali kurudi Ulaya. Aliyemshika mkono njiani ni Isaac Nyondo, mtoto wa mmoja wa waongofu wa kwanza wa Rabai, aliyevuka naye bahari na kumwongoza hadi Württemberg kama Bwana Kheri alivyomwongoza hadi Uchaga. Rebmann aliishi Korntal, karibu na Krapf, akaoa tena, mjane wa mmisionari, ambaye alimtunza kwa miezi michache. Alifariki tarehe 4 Oktoba 1876. Injili yake ya Luka ilichapishwa mwaka huo huo, na kamusi ya Kinyasa mwaka uliofuata, ikihaririwa na Krapf, ambaye naye alizikwa katika makaburi hayo hayo ya Korntal mwaka 1881. Nyondo alirudi kwao Rabai.